Seyyid Barghash na maji ya bomba

Wanachuo wengi tunamjua Seyyid Barghash bin Said kwa mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa Unguja, na kwa jumba la Beit al-Ajaib la mwaka 1883. Mimi namkumbuka zaidi kwa maji.

Alizaliwa 1837. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake, Sultani Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay kwa karibu miaka miwili. Akiwa kule, mwaka 1860, mji ule ukaanza kupata maji ya bomba kutoka bwawa la Vihar.

Unguja wakati huo watu walitegemea visima vya mjini, karibu na vyoo vyao. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu. Oktoba 1870 Majid akafariki, Barghash akatawala, Bagamoyo yetu nayo ikiwa chini yake. Ndiye aliyevuta maji safi ya chemchemi kutoka Chemchem, nje ya mji, mpaka Mji Mkongwe. Alifariki Machi 1888.

Sasa, bomba likishafika kazi haijaisha. Kwetu Makurunge, kama kwingine, mtu anatumbukiza mpira kwenye pipa la maji ya kufulia halafu anaondoka. Presha ikishuka, bomba linayanyonya yale maji machafu, na maji yakirudi jirani anayakinga kwa kunywa. Dawa yake ni valvu inayopitisha maji upande mmoja tu, au kuacha nafasi ya hewa kati ya mdomo wa mpira na maji ya pipa.

Enzi za Barghash, maji safi yalitegemea utashi wa sultani. Leo kuna Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, EWURA inadhibiti mamlaka za maji, RUWASA inashughulikia vijijini na TBS inaweka viwango vya ubora. Hiyo ni hatua kubwa, maana sheria haifi na mtawala. Ila mkaguzi hawezi kuchungulia kila pipa la kila uani. Sisi tunaosomea ualimu tuwafundishe watoto jambo hili darasani, na tuanzie hapahapa hosteli: ukimaliza kukinga, toa mpira kwenye ndoo.