Burkitt: Tabibu aliyejifunza kutokana na mlo wa wanavijiji

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka wa 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja katika ajali, lakini ulemavu huo haukumzuia kuwa daktari wa upasuaji. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alihudumu katika jeshi la Uingereza humu nchini Kenya. Mwaka wa 1946 alienda Uganda, akafanya kazi Lira, kisha katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala.

Ulimwengu wa tiba unamkumbuka zaidi kwa saratani ya watoto yenye jina lake, aliyoieleza mwaka wa 1958. Hata hivyo, mchango wake uliogusa sahani ya kila mtu ulitokana na maradhi ambayo hakuyaona. Kufunga choo, ugonjwa wa kidole tumbo na saratani ya utumbo mpana, mambo yaliyowasumbua sana Waingereza, yalikuwa nadra miongoni mwa wanavijiji wa Afrika.

Aliondoka Uganda mwaka wa 1966, ila swali hilo halikumtoka. Mwaka wa 1972, yeye pamoja na Walker wa Afrika Kusini na Painter wa Uingereza walichapisha utafiti katika jarida la Lancet. Walionyesha kwamba chakula cha wanavijiji, chenye nyuzinyuzi tele, kilipita tumboni upesi na kutoa choo kingi. Chakula cha Waingereza waliozoea unga uliokobolewa kilikawia.

Si kila dai lake lililothibitishwa, lakini sayansi imeupa msingi wa hoja yake nguvu zaidi. Nyuzinyuzi ni lishe ya bakteria wema wa utumbo mpana. Bakteria hao huzichachusha na kutoa asidi zinazostawisha ukuta wa utumbo na kuwatatiza vijidudu vya maradhi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale angalau gramu 25 kwa siku.

Burkitt alifariki mwaka wa 1993. Jambo la kusikitisha ni kwamba aliyoyafunza Uingereza aliyaokota kwetu, nasi sasa tunaacha wimbi, mtama, maharagwe na mboga za kienyeji, tukikimbilia mkate mweupe na chipsi.