William Pecora: Mjiolojia aliyeuliza setilaiti itazame nini

Ukisimama ufuoni Homa Bay siku gugumaji limejaa, unaona kijani tu na boti zilizokwama. Linaishia wapi? Picha za setilaiti za Landsat hukuonyesha. Ebu tumjue mzee aliyezipigania.

William Thomas Pecora alizaliwa 1913 jimbo la New Jersey, Marekani, mtoto wa wahamiaji kutoka Italia. Alisomea jiolojia Princeton, na 1936 akaenda Olimpiki ya Berlin kushindana kwa vitara. Mwaka 1965 akawa mkurugenzi wa shirika la jiolojia la Marekani.

Enzi hizo kila mtu alikuwa akiwazia mwezi. Pecora akauliza: na sisi tulio huku chini, tunahitaji kuona nini? Mwaka 1966 wizara yake ikatangaza mpango wa setilaiti ya kuchunguza dunia, kisha ikaipelekea NASA orodha ya mahitaji yake.

Hapo ndipo palipo na kazi. Mtu husema tu anataka kujua mimea iko wapi. Mhandisi naye anataka namba: pikseli ya mita ngapi? Irudi baada ya siku ngapi? Ipime mwanga gani? Upande wa Pecora ulipenda kamera za video, wa kilimo ukataka skana. Vyote viwili vikapakiwa. Skana ilikuwa na bendi 4, pikseli ya mita 80 hivi, picha ya upana wa kilomita 185, na setilaiti ilirudi palepale kila siku 18.

Bendi 2 zilipima mwanga usioonekana kwa macho. Maji huumeza, majani huurudisha. Ndiyo maana gugumaji hung'aa juu ya ziwa jeusi.

Pecora hakuiona hata picha moja. Alifariki 19 Julai 1972. Setilaiti ikarushwa tarehe 23. Zile kamera za video zilizimwa wiki chache baadaye kwa hitilafu ya umeme. Skana ikachapa kazi hadi setilaiti ilipostaafu 1978.

Tangu 2008 picha za Landsat ni za bure. Lakini wewe wa Migori unayetaka kuunda programu ya mafuriko ya Mto Kuja, tulia kwanza. Landsat moja hurudi baada ya siku 16, na mawingu huiziba. Maji yanaweza kuingia Nyatike na kutoka bila kuonekana. Kwa hivyo anza na mkulima: anahitaji kujua nini, na mapema kiasi gani? Jibu lake ndilo litakalokuambia utumie setilaiti ipi.