Dom Pérignon: mmonaki aliyepewa sifa ya shampeni

Katika harusi nyingi za siku hizi, za mjini Mtwara na hata za vijijini, hufika wakati mshereheshaji akatangaza kuwa sasa ni zamu ya kufungua shampeni. Chupa inatikiswa, kizibo kinaruka, povu linamwagika na vigelegele vinapigwa. Mara nyingi kilichomo ni juisi ya zabibu yenye gesi, isiyo na kilevi, ndiyo maana hata familia zisizogusa pombe hushangilia bila wasiwasi. Lakini jina hilo lina wenyewe, na wenyewe waliwahi kulipigania kwa moto na mawe.

Shampeni ni jina la mahali, kama tunavyosema mchele wa Kyela au karafuu za Pemba. Champagne ni eneo la baridi kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, na mvinyo mweupe wenye mapovu unaotoka huko ndio unaobeba jina hilo. Mtu anayetajwa kuliko wote katika habari zake ni Dom Pérignon. Watu husema ndiye aliyeugundua. Sivyo, lakini maisha yake yanafaa kusimuliwa.

Jina lake halisi ni Pierre Pérignon. Alibatizwa Januari 1639 katika mji mdogo wa Sainte-Menehould. Dom ni cheo cha heshima cha wamonaki Wabenediktini, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya bwana. Wasikilizaji wa Masasi wanaijua familia hiyo ya kitawa: Wabenediktini walianzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906, na hospitali yao inajulikana kusini kote.

Baba yake Pierre alikuwa karani wa mahakama, na ukoo ulikuwa na mashamba ya mizabibu. Kijana aliingia utawani mjini Verdun kabla ya kutimiza miaka 20 au karibu na hapo. Mwaka 1668 akapelekwa abasia ya Hautvillers, kilimani juu ya Mto Marne, akapewa kazi ya kusimamia mali yote ya nyumba ile: mashamba, ghala, chakula, mapipa na hesabu. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka 47.

Abasia ilipokea zaka kutoka vijiji vya jirani, na zaka hiyo ililipwa kwa zabibu. Zabibu za kila kijiji zilikuwa na ladha yake, nyingine kali, nyingine tamu. Wengi wangezimwaga zote pamoja bila kujali. Pérignon alizionja kwanza, kisha akaamua zipi zichanganywe na zipi ziachwe. Alitaka mizabibu ipogolewe sana, izae kidogo lakini vizuri, na zabibu zichumwe asubuhi mapema kabla ya jua kali. Alijua pia kupata mvinyo mweupe kwa zabibu nyeusi. Siri yake si kubwa: rangi imo kwenye ganda, kwa hiyo ukikamua haraka na taratibu, maji yanatoka meupe. Mkulima yeyote anayechambua korosho zake kabla ya kuzipeleka ghalani ataielewa akili ya mtu huyu.

Mapovu je? Aliyaona kuwa kasoro. Champagne ni baridi kiasi kwamba mvinyo huacha kuchachuka wakati wa kipupwe, kisha majira ya joto yakirudi huanza tena ukiwa tayari umefungwa. Aliyewahi kukaza kifuniko cha dumu la uraka ambao haujamaliza kuchachuka anajua kinachofuata. Chupa za enzi hizo zilipasuka, na moja ikipasuka iliweza kuvunja za jirani. Pérignon alihangaika kuzuia jambo hilo. Na kwa upande wa Uingereza, daktari Christopher Merret alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1662 jinsi sukari inavyotiwa kwenye mvinyo ili utoe povu, miaka 6 kabla Pérignon hajafika Hautvillers.

Sifa ya ugunduzi alipewa baada ya kufa. Mapinduzi ya Ufaransa yalipofunga monasteri, mmonaki wa zamani wa Hautvillers, Dom Groussard, aliandika barua mwaka 1821 akimpamba mwenzake wa kale kwa kila sifa. Hadithi ikakua: kwamba alikuwa kipofu, kwamba alipoonja mapovu alisema anakunywa nyota. Maneno hayo ya nyota yalitoka kwenye tangazo la biashara la mwishoni mwa karne ya 19. Wafanyabiashara walihitaji babu wa kumwonyesha mteja, wakampata.

Wakati huohuo mkulima hakuwa na raha. Mapema karne ya 20 baadhi ya wafanyabiashara walileta zabibu na mvinyo wa bei rahisi kutoka bonde la Loire na kwingineko, wakauuza kwa jina la Champagne, huku mkulima wa Champagne akibaki na deni. Januari 1911 hasira ikalipuka, Hautvillers penyewe ikiwemo. Shehena za mvinyo wa kuletwa zilimwagwa, mapipa yakavunjwa. Aprili nyumba na maghala ya wafanyabiashara yakachomwa katika mji wa Aÿ, na jeshi likaletwa. Ndipo sheria za mipaka zikakazwa, na mwaka 1936 jina likapata ulinzi kamili: zabibu zisipotoka ndani ya mpaka, jina haliandikwi.

Kisha Ufaransa ikalilinda jina nje ya nchi. Hapa wavuvi wa Msimbati watatabasamu: mwaka 1935 Afrika Kusini ilikubali kuacha kutumia majina kama Champagne na Burgundy kwenye mvinyo wake, na Ufaransa ikakubali kununua kambakochi wa Afrika Kusini. Leo mvinyo wa huko wenye mapovu una jina lake wenyewe.

Nikiangalia korosho zetu, nafikiri sana juu ya Aÿ. Nyingi huondoka bandari ya Mtwara zikiwa na maganda, zikaenda kubanguliwa India na Vietnam, ambako huchanganyika na za nchi nyingine. Mlaji wa mbali anayefungua pakiti hasomi neno Mtwara popote.

Kwa hiyo kwenye chupa ya harusini, soma karatasi. Kama haina neno Champagne wala Ufaransa, ni kinywaji chenye mapovu tu. Ikiwa imeandikwa haina kilevi, si ya Champagne hata kama mshereheshaji ataapa.

Pérignon alikufa Septemba 1715, mwezi uleule aliofariki Mfalme Louis wa 14. Chupa yenye jina lake ilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1930, na ni mali ya kampuni ya Moët & Chandon, ambayo inamiliki pia majengo ya abasia yake. Kaburi limo ndani ya kanisa la Hautvillers, chini ya jiwe jeusi.