Paul Robeson, Mwimbaji

Katika mji wa Princeton, nchi ya Marekani, alikaa mchungaji mweusi aliyezaliwa mtumwa, akatoroka katika ujana wake, akajipatia elimu. Mtoto wake wa mwisho, Paul Robeson, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898.

Mwaka 1915 Paul alishinda mtihani, akaingia chuo cha Rutgers kwa msaada wa masomo. Wenzake wa timu ya mpira walimwumiza makusudi kwa sababu ya rangi yake. Yeye hakuacha kucheza, hata akahesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa nchi nzima. Kisha akasoma sheria mjini New York, akahitimu mwaka 1923. Lakini katika ofisi alimoajiriwa, karani mzungu alikataa kuandika maneno aliyosomewa na mtu mweusi. Robeson akaondoka, wala hakuirudia kazi ya uwakili.

Alikuwa na sauti nzito iliyojaza ukumbi pasipo kupaazwa. Mwaka 1925, pamoja na Lawrence Brown mpiga piano, aliimba mbele ya watu nyimbo za watumwa tu, zile alizokua akizisikia kanisani. Ukumbi ukajaa, na sifa zake zikavuka bahari. Mwaka 1928 akaimba London, na haukupita muda wapiga sinema wakamtafuta.

Mwaka 1935 ilitoka sinema iitwayo Sanders of the River. Robeson aliikubali kwa furaha, maana alikuwa akijifunza lugha za Kiafrika huko London, Kiswahili mojawapo, akadhani picha ile itaonyesha heshima ya mila za Waafrika. Waafrika waliokaa Uingereza waliajiriwa wawe wanakijiji ndani yake, na mmoja wao alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Kenya. Lo! Picha ilipokwisha kuungwa, ilikuwa ni sifa tupu kwa ukoloni, na Robeson ni chifu mtiifu wa mtawala Mwingereza. Watu wakamlaumu, na lawama ile haikukosa haki, kwa kuwa uso na sauti vilikuwa vyake. Jukwaani mwimbaji hutawala wimbo wake. Katika sinema mwenye mkasi ndiye mtawala.

Kwa hiyo alipoigiza Song of Freedom, mwaka 1936, aliweka sharti la kuikubali picha kwanza kabla haijatolewa. Iliyompendeza sana ni The Proud Valley ya mwaka 1940, habari za wachimba makaa wa Wales. Mwaka 1942 alichukizwa tena na picha moja ya Hollywood, akaacha sinema kabisa, ingawa malipo yake yalikuwa makubwa.

Aliupinga ubaguzi waziwazi, na Urusi aliisifu kupita kiasi. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ikamnyang'anya pasi ya kusafiria, na kumbi nyingi zikafungwa mbele yake. Wachimba makaa wa Wales hawakumsahau. Mwaka 1957 walipomwalika, aliimba akiwa New York, na sauti yake ikapita katika waya wa simu chini ya bahari ya Atlantiki mpaka Porthcawl, walikokusanyika maelfu. Nao wakamwimbia kwa waya uo huo.

Pasi alirudishiwa mwaka 1958. Alifariki tarehe 23 Januari 1976, akaagwa Harlem, katika kanisa ambalo ndugu yake alikuwa mchungaji wake zamani.