Tabibu wa Sham Aliyeijua Njia ya Damu

Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Sham, alihamia Misri akawa tabibu na mwanachuoni wa fiqhi ya Shafi, madhehebu ya wengi wetu hapa pwani. Kwa zaidi ya miaka elfu matabibu walimfuata Galen, Myunani, kwamba damu hupenya vitundu katika ukuta wa moyo. Mwaka 1242 yeye akaandika kuwa ukuta ule hauna kitundu: damu hutoka chumba cha kulia, huenda mapafuni ikachanganyika na hewa, ndipo hurejea chumba cha kushoto. Harvey wa Uingereza, aliyeeleza mzunguko wa mwili mzima, ni wa 1628. Haki yake anayo. Lakini vitabu vya shule vikamtaja yeye pekee, hadi 1924 daktari wa Kimisri alipoyakuta maandishi ya Ibn al-Nafis huko Berlin. Alifariki Cairo 1288. Nyumba na vitabu vyake aliiachia hospitali.