Francis Imbuga, mtu aliyesema kweli kwa kuchekesha

Katika namba hii hatuandiki juu ya mmisionari wala juu ya shujaa wa vita. Tunaandika juu ya mtu wa teatri. Wengine watauliza, mtu wa teatri ana maisha gani ya kuandikwa? Sisi wa kikundi cha teatri tuna sababu yetu. Mnakumbuka ule mchezo wetu wa mwisho wa mwaka, ule wa chefu aliyekula chakula cha wakimbizi. Tulifanya mazoezi juma tatu. Siku mbili mbele ya sikukuu tukaambiwa tuache, juu wakubwa watakuja na wanaweza kusikia vibaya. Tukarudisha makoti tuliyoazima, tukaimba nyimbo tu. Kisha mwalimu mmoja aliyepata kusoma upande wa Nairobi akatuita kwake jioni, akatuelezea habari za Francis Imbuga. Tulimsikiliza mpaka mafuta ya taa yakaisha.

Francis Davis Imbuga alizaliwa mwaka 1947 katika inchi ya Maragoli, magharibi ya Kenya. Ni inchi ya vilima na watu wengi sana, mashamba madogo yamebanana, sawa vile tunavyoona huku kwetu Masisi. Upande ule Waprotestanti wa jamii ya Marafiki, wale wanaoitwa Quaker, walifungua misioni Kaimosi mwaka 1902, na masomo yakaenea mapema. Kijana Imbuga akafika mpaka Alliance High School, karibu na Nairobi, masomo ambayo makanisa ya Kiprotestanti yalianzisha pamoja mwaka 1926. Pale walikuwa na desturi: kila mwaka wanafunzi wanacheza mchezo mmoja wa Shakespeare mbele ya wageni. Fikirini vijana wa Kiafrika wamevaa nguo za wafalme wa Ulaya, wanasema Kiingereza cha miaka 400 iliyopita! Lakini ndipo wengi walipojifunza kusimama mbele ya watu bila kutetemeka. Imbuga alipokuwa bado mwanafunzi alianza kucheza, na kuandika michezo yake mwenyewe.

Kisha akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi. Televizio ya Kenya ilikuwa bado changa, ilianza mwaka 1962, na tangu 1964 ikawa ya serikali kwa jina la Voice of Kenya, maana yake Sauti ya Kenya. Ilihitaji michezo, na waandishi walikuwa haba. Basi huyu kijana akaiandikia michezo mingi, na mwenyewe akaingia ndani akicheza. Hiyo ni kazi ngumu kuliko watu wanavyowaza. Wa teatri ana wasaa wa kuinua sauti na kutupa mikono, lakini kwa televizio uso wako uko karibu kabisa na macho ya mtu, ukidanganya kidogo tu anaona. Tena mchezo wa juma hii ukiisha, juma ijayo wanataka mwingine. Hapo ndipo alipojifunza kuandika maneno yanayotoka vizuri katika kinywa cha mtu. Michezo yake ya kwanza kuchapwa ilitoka tangu 1972, kama vile The Fourth Trial, na mwaka 1973 The Married Bachelor.

Lakini kilichompa jina ni kitabu cha mwaka 1976, Betrayal in the City, ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Usaliti Mjini. Turuhusuni tukae hapa kidogo.

Inchi ya ule mchezo inaitwa Kafira. Mkiitafuta katika karte hamtaiona. Pangeni zile herufi upya, mtapata Afrika. Mkubwa wa Kafira anaitwa Boss tu. Mwanafunzi Adika ameuawa kwa risasi katika maandamano. Wazazi wake, Doga na Nina, hawaombi kitu kikubwa. Wanataka kufanya ile desturi ya kunyoa nywele kaburini, ambayo wengi wetu tumeiona kwa jamaa zetu kiisha matanga. Hata hiyo wanakatazwa, na mwisho wazee wale nao wanauawa. Mwalimu wa chuo kikuu, Mosese, yuko gerezani kwa sababu alisema. Askari Jere anatiwa gerezani pamoja naye kwa sababu alikuwa na huruma.

Sasa kati ya mambo haya mazito Imbuga anamweka Mulili. Mulili ni askari, ndugu ya Boss kwa ukoo, masomo yake ni kidogo, na Kiingereza chake kimevunjika vipandevipande. Kila akifungua kinywa watu wanacheka. Anagombania na mtu mmoja, Kabito, ile kazi ya kupeleka maziwa kwa chuo kikuu. Maziwa, wapendwa! Watu wa Masisi hapa wanaelewa upesi. Mulili anakwenda kumsingizia mwenzake kwa Boss, na Kabito anakufa. Hapo msomaji anaona aibu, kwani alikuwa anamcheka mtu ambaye ndiye mauti yenyewe. Sisi tuliposoma ile sehemu pamoja, chumba kizima kikanyamaza.

Mwisho wake ni wa ajabu. Mkubwa wa inchi nyingine anakuja kutembelea Kafira, na Boss anataka wafungwa wamchezee mchezo. Ule mchezo umeandikwa na Jusper, ndugu yake Adika. Katika mazoezi, mbele ya Boss mwenyewe, wanapewa bunduki za kweli, na mchezo unageuka kuwa si mchezo tena. Wanamuuliza Mulili juu ya Boss. Yule ndugu mpendwa, aliyekula katika sahani moja naye, anamtupa mara moja, anataja makosa yake yote. Jusper anampiga Mulili risasi. Boss anabaki mzima, amesikia kwa masikio yake.

Mwanzo wa 1977 Kenya ilipeleka michezo miwili Lagos, Nigeria, kwa sikukuu kubwa ya ufundi wa watu weusi, FESTAC. Mmoja ni huu, wa pili ni ule wa Dedan Kimathi ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo. Mbele ya kusafiri ilichezwa Nairobi, na teatri ya taifa iliwapa siku chache tu, juu wageni walikuwa wamekwisha kuchukua fasi. Mwisho wa mwaka ule ule, 1977, Ngũgĩ akakamatwa, akakaa gerezani karibu mwaka mzima bila hukumu. Imbuga hakukamatwa.

Hapa kikundi chetu kiligawanyika. Wengine walisema Imbuga aliogopa, ndiyo maana alijificha nyuma ya Kafira na nyuma ya vichekesho. Ngũgĩ alisema wazi na akalipa. Wengine wakajibu kwamba mtu aliye gerezani hachezwi katika masomo, lakini Imbuga alichezwa na kusomwa na watoto wa Kenya miaka na miaka, hata kitabu chake kikawa cha mtihani wa serikali. Mashindano yale hayajaisha. Sisi tunaoandika haya tuko upande wa pili, lakini tunakubali kwamba wa kwanza wana neno.

Kwani angalieni alivyoendelea. Kenyatta alikufa Agosti 1978. Mwaka 1979 Imbuga akatoa The Successor, juu ya mfalme anayetafuta wa kumrithi, na wakubwa wanaotegeana mitego. Nani hakuelewa? Lakini nani angemshitaki? Mwaka 1984 akamrudisha Boss katika Man of Kafira, sasa akiwa mkimbizi katika inchi ya kigeni. Mganda John Ruganda, naye mwandishi wa michezo, alimwandikia kitabu kizima kilichotoka 1992, kuonyesha namna anavyosema kweli huku akicheka. Cha kufurahisha ni kwamba Imbuga naye alipofanya udaktari wake Marekani, chuo kikuu cha Iowa, aliandika juu ya michezo ya Ruganda! Kila mmoja akawa mtihani wa mwenzake.

Wasichana wa masomo yetu wanauliza kama aliwakumbuka. Ndiyo. Mkutano mkubwa wa wanawake ulipofanyika Nairobi mwaka 1985, aliandika Aminata, kitabu kikachapwa 1988. Mchungaji Ngoya anakufa na kumwachia binti yake shamba. Baba mdogo, mkubwa wa kijiji, anakataa: mwanamke hapati udongo. Tunajua jamaa nyingi, Masisi na Walikale pia, ambamo neno hili lingeleta kelele leo hii.

Miaka mingi alifundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Baadaye akaja karibu nasi kabisa, akafundisha Kigali, Rwanda, katika chuo cha walimu. Huko ndiko alikotoa kitabu cha hadisi, Miracle of Remera, mwaka 2004, juu ya ukimwi. Remera ni mtaa wa Kigali. Kutoka Goma ni safari ya basi, na hapa hakuna aliyejua kwamba mtu huyu yuko pale.

Alikufa Nairobi Novemba 2012, akiwa na miaka 65. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake cha mwisho, The Green Cross of Kafira. Mpaka kaburini, bado alikuwa na Kafira.

Tumeomba ruhusa ya kucheza ile sehemu ya Mulili na maziwa, kwa Kiswahili, na tumeipata, juu Kafira si inchi ya mtu. Mazoezi ni kila siku ya tano saa kumi, katika kilasi cha mwaka wa ine. Doga, Nina, Jere na Boss wamekwisha kupatikana. Kwa Mulili bado hakuna anayetaka.