Dedan Kimathi: bastola moja na masasi sita

Hapa kwetu Kirumba, kama vile Kayna ao Kanyabayonga, hata mtoto wa shule anajua ganda la risasi. Analiokota kando ya njia ao ndani ya shamba ya mihogo, anatengeneza nalo filimbi. Wawindaji wetu nao wanajua neno moja ambalo wengine hawalijui vizuri: kalibre. Mwenye bunduki ya kalibre 12 hawezi kutumia masasi ya askari, na masasi ya askari wa jeshi moja mara nyingi hayaingii katika bunduki za jeshi lingine. Bunduki bila risasi yake ni fimbo tu.

Leo tunawaelezea maisha ya mtu mmoja wa Kenya ambaye jambo hilo lilimfuata mpaka kwenye kamba. Wafanyabiashara wa Butembo wanaopitia Nairobi wakienda Mombasa kutafuta vitu wanajua barabara yenye jina lake. Ni Dedan Kimathi. Lakini ni wangapi wanajua alinyongwa juu ya kosa gani?

Kimathi alizaliwa tarehe 31 mwezi wa 10 mwaka wa 1920 katika kijiji cha Thege, karibu na Nyeri, kati ya mlima Kenya na misitu ya Aberdare. Baba yake, Wachiuri, alikufa kabla yeye hajazaliwa, na alilelewa na mama yake, Waibuthi. Alianza masomo akiwa tayari kijana. Kwa kutafuta minerval alikuwa anaokota mbegu za miti porini na kuziuza. Alipenda sana kusoma na kuandika, Kiingereza chake kilikuwa kizuri, lakini pesa zilimkatisha masomo. Aliingia jeshini kwa muda mfupi, akafukuzwa. Kiisha alifanya kazi nyingi ndogondogo, kati yake kazi ya ualimu na ya karani.

Wakati huo watu wa kwao walikuwa na uchungu mmoja mkubwa: udongo. Mashamba mazuri ya milimani yalikuwa mikononi mwa wazungu, na wenyeji wengi walibaki vibarua katika udongo wa babu zao. Kimathi aliingia katika chama cha KAU, akawa mwandishi wa tawi la Ol Kalou na Thomson's Falls. Huko ndiko alianza kuwalisha watu kiapo cha vita. Tarehe 20 mwezi wa 10 mwaka wa 1952 gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na Kimathi akaingia msituni.

Sasa, vita inapiganwa na nini? Wapiganaji wa Mau Mau hawakuwa na nchi ya jirani ya kuwaletea silaha. Wengi walienda na mapanga, mikuki na mishale. Tarehe 26 mwezi wa 3 mwaka wa 1953 kundi moja lilivamia kituo cha polisi cha Naivasha na kubeba bunduki na masasi, lakini bahati ya namna hiyo haikurudi mara nyingi.

Kitu walichoweza kupata ni masasi, moja moja. Waingereza walikuwa na masasi kwa wingi, zaidi ya yote yale ya .303, ambayo jeshi lao lilitumia katika vita kubwa zote mbili za dunia. Watu waliofanya kazi kambini waliyaiba, wengine waliyanunua kwa siri kwa askari, na akina mama waliyapeleka mpaka msituni pamoja na chakula.

Hapo mafundi wa Mau Mau, wa mjini na wa msituni, wakaanza kazi. Wao walianza na risasi waliyoiba, kiisha wakatengeneza bunduki ya kuipokea, kwa mabomba ya maji, mbao na vyuma vya milango. Bunduki hizo zilipiga risasi moja tu, na haziendi mbali. Mara nyingi zilipasuka. Risasi ya kijeshi iko na nguvu ambayo bomba la maji halikutengenezwa kuivumilia, na mpiganaji aliumia ao kufa kwa silaha yake mwenyewe, adui hajafika.

Kimathi mwenyewe aliongoza kwa kalamu kama kwa silaha. Aliandika barua, alitunza madaftari, na mwaka wa 1953 alisimamia Baraza la Ulinzi la Kenya lililotaka kuunganisha makundi ya msituni. Lakini hakuwa malaika. Aliwaadhibu watu wake kwa ukali, wengine kwa kifo, na alikosana na wakubwa wenzake, kama Stanley Mathenge. Mau Mau nao waliua raia wengi, zaidi ya yote watu wa kabila lao wenyewe.

Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka wa 1954 Waingereza walizunguka Nairobi, wakakamata maelfu ya watu na kuwapeleka kambini. Njia ya masasi ikakatika. Kando ya msitu wakachimbisha raia handaki refu. Makundi yakapunguka, njaa ikaingia.

Kulipopambazuka tarehe 21 mwezi wa 10 mwaka wa 1956, miaka minne na siku moja baada ya hali ya hatari kutangazwa, Kimathi alikuwa pembeni ya msitu karibu na Nyeri, amevaa ngozi ya chui. Askari wa akiba, Ndirangu Mau, alimpiga risasi ya mguu. Alikamatwa akiwa na bastola ya kalibre .38 na masasi sita.

Na hapa ndipo habari inashangaza. Mtu aliyeongoza vita miaka minne hakushitakiwa kwa vita, wala kwa kuua. Mbele ya tribinali ya Nyeri, katika mwezi wa 11, mashitaka yalikuwa mawili tu: kukutwa na bastola, na kukutwa na masasi sita. Alijitetea kwamba alikuwa anakuja kujisalimisha. Jaji Kenneth O'Connor hakumwamini. Sheria ya hali ya hatari ilisema silaha peke yake inatosha kwa kifo. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka hiyo, na wengi kati yao hawakuhukumiwa kwa kuua. Kuna waliokufa juu ya masasi machache yaliyopatikana mfukoni.

Kimathi alinyongwa tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka wa 1957 katika gereza la Kamiti, akiwa na miaka 36. Alizikwa humo bila alama. Kenya ilipata uhuru mwaka wa 1963, lakini Mau Mau walibaki wamekatazwa na sheria mpaka 2003. Sanamu yake ilisimamishwa Nairobi mwaka wa 2007, ameshika bunduki na kisu. Mjane wake, Mukami, aliomba miaka mingi aoneshwe kaburi. Alikufa mwaka wa 2023 bila kuzika mifupa ya bwana wake.

Kwetu pia, raia anayekutwa na silaha ya vita anapelekwa mbele ya tribinali ya kijeshi, hata kama hajapiga mtu. Mzazi, ukiona mtoto ameleta nyumbani risasi ambayo haijapigwa, usiicheke na usiifiche. Muulize aliitoa wapi, na kataza wengine wasiende pale.